Mtaalamu Aliyehesabu Kuni Zake

Kabla ya kumsalimia Mtaalamu ilikubidi uwe tayari kutaja umri wako. Kwetu jambo la salamu ni rahisi: mdogo anatoa shikamoo, mkubwa anapokea, kila mtu anaendelea na safari yake. Lakini yeye alikuwa na nywele nyeupe kama kondoo tangu siku aliyoshuka kwenye gari la Dongobesh, kwa hiyo kila mtu alimwamkia, hata watu waliomzidi umri. Naye hakupokea. Alisimama, akatua mzigo, akauliza, "Una miaka mingapi?" Ukishataja, ndipo anapiga hesabu kichwani na kuamua nani amwamkie nani.

Mzee Boay, jirani yangu, alisimamishwa njiani namna hiyo akiwa na mbuzi wawili kwenye kamba.

"Mwaka siujui," Boay alimwambia. "Mama alisema ulikuwa mwaka wa nzige."

"Nzige wa kwanza au wa pili?"

"Nzige, bwana! Waliruka! Mimi nilikuwa tumboni, ningewahesabu vipi?"

Walibishana hadi mbuzi wakala mistari mitatu ya mahindi ya watu, na mwisho waliamkiana wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akiwa na hasira.

Mimi aliponiuliza nilimtajia mwaka bila kusita, maana nimesoma hadi kidato cha nne na mwaka umeandikwa kwenye cheti changu. Alipiga hesabu, akakuta namzidi miaka mitatu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya miaka miwili aliyokaa kwangu, yeye mwenye kichwa cheupe ndiye aliyeniamkia mimi. "Shikamoo, Katibu." Nami nilipokea nikiwa nimekaa, kwa raha zote.

Niliitwa Katibu kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Yeye alikuwa na jina, alilitaja siku ya kwanza na mwenyekiti akaliandika kwenye daftari la wageni, lakini hakuna aliyelitumia. Mbele yake alikuwa Mtaalamu. Akigeuka alikuwa Inategemea, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa karibu kila kitu duniani.

"Mtaalamu, chai ya maziwa au ya rangi?" mke wangu Paskalina alimuuliza asubuhi ya kwanza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Maziwa ni ya leo au ya jana?"

"Ya leo."

"Ng'ombe amekula nini?"

Paskalina alimmiminia chai ya rangi na hakumuuliza tena mpaka anaondoka.

Kazi iliyomleta ilikuwa ngumu kueleza, naye aliieleza kila siku. Juu ya kijiji chetu kuna msitu, na ndani ya msitu kuna chemchemi tunayochota sisi sote pamoja na mifugo yetu. Alitaka kujua msitu ule utakuwaje miaka ijayo: miti gani itazidi, gani itapungua, vichaka vitaingia wapi. Kwa hiyo aliupima mti mmoja mmoja kwa futi kamba, usawa wa kifua, akaandika, akaingiza kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta kulikuwa na msitu mwingine, mfano wa ule wa juu, aliouita modeli. Ukibonyeza, unazeeka mwaka mmoja. Ukibonyeza tena, mwaka wa pili.

Wazee hawakuelewa, ndipo akatandaza gunia uani kwangu. Alichora miraba kwa mkaa, akaweka punje ya mahindi kwa kila mti mkubwa, haragwe kwa mti mdogo, na pale penye kichaka akaweka ulezi kidogo. Kisha akatoa kete. "Kila mraba unatazama jirani zake," alisema. "Ukiwa na jirani mwenye mbegu, unapata mche. Kete ikiangukia moja, moto umepita, toa haragwe zote. Ikiangukia mbili, mtu amekata. Twende mwaka wa kwanza."

Wazee waliupenda mchezo ule kupita bao. Walikaa siku nzima wakiuzeesha msitu, wakigombana kuhusu nani amechoma mraba wa nani. Walipofika mwaka wa arobaini, jogoo wa Paskalina alitoka nyuma ya jiko, akaingia kwenye gunia, na kabla hatujasimama alikuwa amekula upande wote wa mashariki.

"Mfukuze!" Boay alipiga kelele. "Anakula mwerezi wangu!"

Mtaalamu hakumfukuza. Alimwangalia jogoo kwa makini, akachukua kalamu. "Mwache, Mzee. Hilo ni tukio. Sikuwa nimeliingiza." Akaandika kwenye daftari lake: mnyama, mmoja, dakika mbili, miraba tisa. Alipenda sana kutuambia maneno haya, na siku ile aliyasema tena huku jogoo akipangusa mdomo kwenye gunia: "Mashine haiwezi kujua usichoiambia. Haijui kuna jogoo mpaka umwandike."

Nilicheka kuliko wote. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Kompyuta yenyewe aliifunga kwenye kitenge cha njano na kuibeba mgongoni kama mtoto, kwa sababu begi lake liliwahi kuteleza begani na kudondoka. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchota maji walikuwa wakimsimamisha.

"Wa kiume au wa kike, Mtaalamu?"

"Ana miaka minne," alijibu, "na hatunzi chaji."

Alikuwa na uhakika kabisa kuhusu miaka mia ijayo. Kuhusu saa nane mchana hakuwa na uhakika wowote. Wingu jeusi likisimama juu ya kilima, sisi tunakusanya mahindi yaliyoanikwa, yeye ndiyo kwanza anatoka kwenda kupima. Alirudi amelowa hadi soksi, kompyuta ikiwa kavu chini ya koti, mwenyewe hana koti. Paskalina alimuuliza kwa nini mashine yake haimwambii habari ya mvua. Alijibu kwamba mvua ya leo ni jambo dogo mno, mashine inaanzia mwaka. "Basi," Paskalina alisema, "iambie ikupe mwavuli wa mwaka."

Watu walikuja kutoka mbali kutaka kutazamiwa. Mama mmoja alitembea kutoka Maretadu na mayai sita, akitaka aangaliwe kama mwanawe atarudi kutoka machimboni.

"Mama yangu, humu nina habari za miti tu."

"Hata yeye ni mrefu," mama alisema.

Mtaalamu aliwaza sana juu ya jambo lile. Mayai hakuyapokea, lakini aliandika jina la kijana kwenye kona ya daftari, na tulipokwenda mjini nilimsikia akipiga simu huku na huku akimtafuta. Hakumpata. Alimrudia mama yule kwa miguu kumwambia kwamba hakumpata. Mtu mwingine angenyamaza.

Jambo moja halikupatana na utu wake wote. Mtu huyu alizunguka mche wa mloliondo ili asiukanyage, alitukataza kuvunja hata tawi la kufukuzia nzi, halafu jioni alioga ndoo mbili za maji ya moto. Si ya vuguvugu, ya moto. Baridi yetu ilimshinda. Paskalina alikoka moto mkubwa kila jioni na kulalamika kila jioni. "Msitu wote utaishia kwenye mgongo wa mtu mmoja."

Alisikia. Kesho yake alikaa jikoni kwenye kigoda, akahesabu kila kuni iliyoingia chini ya sufuria, akazipima urefu na unene, akaandika. Alifanya hivyo wiki nzima. Kisha nilimwona akiingiza kwenye kompyuta.

"Unaandika nini, Mtaalamu?"

"Kuni zangu."

"Zako wewe? Za kuogea?"

"Zinatoka wapi, Katibu, si msituni? Basi mimi nami ni tukio."

Nilimsimulia Boay, tukacheka hadi tukashika mbavu. Kilabuni watu walianza kuulizana, "Umeshaandika kuni zako?" Hakuna aliyefikiri kwamba hilo lilikuwa swali la maana, mimi nikiwa wa kwanza.

Na aliogopa ng'ombe. Hii ndiyo ingekuwa habari ya kuchekesha kuliko zote, kama isingekuwa ndiyo iliyoniponza. Mwanamume mzima, amekuja kukaa Mbulu, anaogopa ng'ombe! Akisikia kengele ya ng'ombe upande wa kulia, alihamia kushoto. Mchana mmoja nilimkuta juu ya mzeituni wa porini, amekumbatia shina, viatu vimeanguka.

"Mtaalamu, umepanda mti?"

"Ninapima urefu."

"Futi kamba iko wapi?"

"Imebaki chini. Na huyo."

Chini ya mti alikuwa amesimama ng'ombe jike mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mpole kabisa, anatafuna miche. Aliponiona alikuja akanilamba mkono.

"Ng'ombe wa nani huyo?" Mtaalamu aliuliza kutoka juu.

"Wa Gwandu."

"Mbona anakujua wewe?"

"Ng'ombe wa huku wanapenda watu."

Aliniamini. Aliposhuka aliandika urefu wa mti ule, na alisema hicho ndicho kipimo pekee alichokihakiki mwenyewe kwa mwili wake. Ng'ombe yule alikuwa wangu. Nilimlea tangu ndama, nikampeleka kwa rafiki yangu Gwandu akae huko.

Hapa inabidi nieleze, kwa kuwa mgeni hawezi kuelewa na mwenyeji hawezi kusema. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi moja. Anampa rafiki huyu wanne, yule saba. Rafiki anakunywa maziwa, anapata mbolea, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona, na mtu mwenye jicho baya hajui wewe una nini. Na wewe vilevile unatunza wa wengine. Wakati ule zizini kwangu walilala ng'ombe kumi na wawili. Watatu walikuwa wangu. Tisa walikuwa wa rafiki yangu Gidabay, mfugaji wa tambarare za Hanang, ambaye hadi leo hakuna anayejua utajiri wake, nadhani hata yeye mwenyewe. Wangu wengine ishirini na wanane walikuwa kwa watu, karibu wote kwenye mazizi ya juu, pembeni mwa msitu. Kumuuliza mtu wa kwetu ana ng'ombe wangapi ni kama kumwomba avue shati mbele za watu.

Mtaalamu alihitaji namba hiyo. Aliogopa ng'ombe, lakini alijua wanakula miche, na msitu wenye wazee bila watoto utakwisha. Kwa sababu hakuthubutu kwenda mazizini, alinipa daftari mimi, msomi wa kijiji. "Nyumba kwa nyumba, Katibu. Uliza tu: una ng'ombe wangapi?"

Nilizunguka siku tano. Kila mtu aliulizwa na kila mtu alijibu kweli. Gwandu alisema ana wawili. Wawili walikuwa wake, na kumi na mmoja waliolala pale walikuwa wa watu. Mwenye hao kumi na mmoja alisema anao wanne, kwa sababu wanne ndio walikuwa kwake. Katikati ya kweli hizo mbili ng'ombe walipotea kama maji kwenye mchanga. Nilijua. Nilikuwa namwona ng'ombe kwa macho yangu huku naandika kwamba hayupo. Nilipofika nyumbani nilijiuliza mwenyewe, una ng'ombe wangapi, nikajijibu watatu, nikaandika watatu. Jumla ya kijiji kizima ilitoka sitini na wanne.

Mtaalamu alifurahi sana. "Sitini na wanne tu? Mbona mimi huwa nasikia kengele nyingi?"

"Wanatembea sana," nilimwambia.

Kikao cha kijiji kilikaa nje ya kanisa. Kulikuwa na jambo moja la kuamua: mteremko wa juu ya chemchemi ufungwe usichungwe, au ubaki wazi. Ukifungwa, wenye ng'ombe kwenye mazizi ya juu watawaondoa, na kila mmoja ataonekana akiondoa wa nani. Watu walipita mezani mmoja mmoja kutazama kompyuta. Mtaalamu alibonyeza, msitu ukazeeka, na miraba ikazidi kuwa ya kijani. Miaka kumi, kijani. Ishirini, kijani zaidi.

"Kwa hiyo tusifunge?" mwenyekiti aliuliza.

"Inategemea," alisema Mtaalamu, na watu wakacheka. Hakucheka. "Inategemea namba za mifugo. Katibu, namba zako ni za kweli?"

Nakumbuka wazee wote waliangalia ncha za fimbo zao. Boay alipata kazi ya ghafla ya kufunga kiatu, naye amevaa kandambili. Kama ningesema, wangenichukia wote kwa pamoja.

"Ni za kweli," nilisema.

Hatukufunga. Mtaalamu alimaliza kazi yake akaondoka, na kitenge mgongoni.

Alirudi baada ya miaka sita kuhakiki. Alipanda mteremkoni asubuhi, akarudi mchana, na kwa mara ya kwanza hakuomba maji ya kuoga. Miti mikubwa ilikuwapo michache, mingine imeanguka kwa uzee, na chini yake hapakuwa na mtoto hata mmoja. Vichaka vya miiba vilikuwa vimeshika hadi karibu na chemchemi, na chemchemi yenyewe wakati wa kiangazi ilitoa maji kwa kudondosha. Kina mama walipanga foleni tangu alfajiri. Pale kijijini mtoto akisema uongo aliambiwa, "Umekuwa kompyuta ya Mtaalamu."

Alikaa kwangu wiki tatu akitafuta kosa. Alikagua futi kamba yake kama imevutika. Alipima upya miti. Alitandaza gunia uani, akapanga mahindi na maharage, akarusha kete peke yake siku nzima, na akamfungia jogoo bandani ili asimsingizie. Mezani aliniuliza, "Katibu, nimesahau nini?" Nilimwambia labda ni mabadiliko ya tabianchi. Alishukuru.

Kisha aliomba kikao. Alisimama palepale nje ya kanisa, akavua kofia. "Niliwaambia utakuwa kijani. Mlinisikiliza, na maji yamepungua. Sijui kosa langu liko wapi, lakini kosa ni langu. Naombeni radhi."

Tulikuwa watu mia na zaidi, kila mwanamume anajua ng'ombe wake wako wapi. Mwenyekiti aligeukia kwangu, nami, kwa kalamu yangu na mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne, niliandika kwenye muhtasari: Mtaalamu aliomba radhi, kikao kikapokea.

Nimefanya makosa mengi maishani. Nilimkopa kaka yangu shamba na sikulirudisha kwa wakati, nilimpiga mwanangu mkubwa kwa kosa la mdogo. Lakini yale nilifanya kwa hasira au kwa shida. Hili nilifanya nikiwa nimeshiba.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda Haydom hospitali kutazamwa macho. Basi lilikuwa limejaa wagonjwa na wasindikizaji, nikafika nimechelewa, nikapewa namba ya mbali. Kwenye benchi, mbele yangu, niliona kitenge cha njano kimepauka, kimefungwa juu ya kitu bapa, kimewekwa mapajani.

"Shikamoo, Katibu," alisema kabla sijafungua mdomo. Goti lilikuwa limemleta. Alikuwa amekonda, na nywele zimebaki upande mmoja tu. Aliuliza habari za Paskalina, za jogoo, za chemchemi. Alipouliza za chemchemi ndipo niliposema. Sikujiandaa.

"Zile namba hazikuwa kweli."

"Zipi?"

"Za ng'ombe. Wewe ulihesabu kuni zako za kuogea. Mimi nilikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, nikakuandikia watatu."

Benchi zima liligeuka. Bibi mmoja aliyejifunika shuka alishika kifua. "Mzee anataja!" alisema. "Anataja ng'ombe mbele za watu!"

Nilimweleza yote, wa Gwandu, wa Gidabay, na yule mwekundu aliyempandisha mtini. Alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nilipaswa kuuliza wangapi wanalala zizini, si una wangapi. Swali langu lilikuwa baya."

"Hapana!" Nilipaza sauti hadi nesi akatoka kuangalia. "Usianze tena kuomba radhi. Umeshaniombea mimi mara moja, yatosha."

Alianza kufungua kitenge. "Zile za kweli unazo?"

Ninazo kichwani. Mtu mwenye dhambi ya namna hiyo, kila anapopita zizi anahesabu. Nilimtajia zizi kwa zizi kama walivyokuwa mwaka ule, kwa rangi na kwa mwenye nao, yeye akiandika kwa vidole viwili. Nesi aliita namba yangu. Bibi wa shuka alimwambia, "Mpite, anaungama." Jumla ikatoka mia tatu tisini na wawili.

Alibonyeza. Macho yangu ni mabovu, lakini rangi naiona. Mwaka wa kwanza kijani, wa pili kijani, wa tatu kingo zikaanza kuwa kahawia, na kahawia ikashuka polepole, ikazunguka jiwe kubwa la mteremkoni, ikaingia bondeni hadi mraba wa chemchemi. Palepale. Kona kwa kona, kama mteremko ulivyo leo.

"Imekubali!" Alisimama kwa goti lake bovu. "Katibu, imekubali! Ilikuwa sawa! Tazama, hata hapa kwa jiwe!" Alimwonyesha bibi wa shuka, akamwonyesha kijana aliyefungwa bandeji kichwani. Alikuwa anacheka na machozi yanatoka, na mimi nilikuwa natazama msitu wangu unakufa mara ya pili, na sikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile. Miaka mitano alikuwa amelala akidhani ameharibu maji ya watu.

Alipotulia aliniuliza, "Tukitoa ng'ombe, tutoe wangapi?"

"Sina ruhusa ya wengine. Toa wangu."

Alitoa thelathini na mmoja, akabonyeza miaka mingi mbele, miaka ambayo hatutakuwepo. Kahawia ilibaki kahawia, isipokuwa mraba mmoja juu ya chemchemi. Huo ukawa kijani.

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Lakini mraba ukiwa na mbegu, jirani yake anapata mche."

"Na maji?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, Mtaalamu?"

"Kama safari hii umesema kweli."

Tangu nirudi nimeshusha ng'ombe ishirini na sita kutoka mazizi ya juu. Gwandu haongei nami. Anasema nimemvua nguo, kwa sababu zizi lake sasa linaonekana lilivyo. Gidabay alikuja kutoka Hanang kuwachukua wale tisa wake, na alicheka njia nzima. Boay ameshusha wawili, kimyakimya, akisema walikuwa na kwato mbaya. Na kwenye kikao kilichopita niliomba muhtasari wa zamani usahihishwe, nikausoma kwa sauti yangu: aliyepaswa kuomba radhi ni katibu. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliuliza kama nimeshaandika kuni zangu, na watu wakacheka, na hapo nilijua wamesikia.

Lakini namna tulivyoagana Haydom sikuwaambia kikaoni. Nesi alikuwa ameita namba yake. Alifunga kitenge, akajitwika mgongoni, akashika fimbo. Nilisimama nikavua kofia.

"Shikamoo, Mtaalamu."

Alisita, nikamwona anapiga hesabu kichwani kama zamani. "Hapana, Katibu. Namba zinaonyesha wewe ni mkubwa. Miaka mitatu."

"Mwaka wangu wa kuzaliwa ulikuambia nani?"

"Wewe."

"Na mimi niliutunga siku ya kujiandikisha shule."

Alianza kucheka kimyakimya hadi kompyuta ikatikisika mgongoni.

"Marahaba," alisema, akaingia kwa daktari.